Nyigu Mchimbaji Si Adui wa Mkulima

Siku ya jua kali, pita kwenye njia ya shambani hapo Mangapwani, au katika kijiji chako popote ulipo. Tazama chini. Penye udongo mtupu usio na majani utaona matundu madogo. Tundu moja ni kama upana wa penseli. Mbele yake pana kijilima cha mchanga mpya.

Kaa mbali kidogo, usitikisike. Baada ya muda utamwona mwenye nyumba. Ni mdudu mwenye mabawa na kiuno chembamba sana. Anafukua kwa miguu ya mbele, na mchanga unaruka nyuma yake kama kuku anapoparura. Huyo ni nyigu. Lakini si yule nyigu unayemjua wewe, anayekaa kwa kundi chini ya paa la makuti.

Watu wengi wakiona matundu hayo hushtuka. Mmoja huleta maji ya moto. Mwingine huleta mafuta ya taa. Wa tatu humwendea bwana shamba na kumwuliza, "Tutie dawa gani?"

Jibu ni hili: usitie dawa yoyote. Mdudu huyu anafanya kazi katika shamba lako, wala hadai mshahara. Katika ukurasa huu tutaeleza kazi yake, na mwisho tutaona anavyohusika na minazi yetu.

NYIGU WAKO NAMNA MBILI

Namna ya kwanza ni nyigu wa kundi. Hao hujenga kiota kimoja pamoja. Kiota chao huning'inia kwenye paa, kwenye tawi au kwenye kona ya nyumba. Wamo wengi, na wote hulinda kiota hicho. Ukikigusa, watakujia pamoja. Hao ndio waliotufanya tuwaogope nyigu wote.

Namna ya pili ni nyigu wa pekee. Huyu hana malkia, wala hana wafanyakazi. Kila jike huchimba tundu lake, huwinda mwenyewe na huwalea watoto wake peke yake. Dume hachimbi wala hawindi.

Mara nyingine utaona matundu 20 au 30 mahali pamoja. Usidhani kuwa ni kundi moja. Ni kama nyumba za kijiji. Kila nyumba ina mlango wake na mwenyewe, ila wote wamependa udongo ule ule.

Tofauti hii ni kubwa. Nyigu wa pekee halindi tundu lake kwa vita. Ukipita karibu, yeye huruka akaenda zake. Hukuuma ukimshika kwa mkono, ukimkanyaga kwa mguu mtupu, au akinaswa ndani ya nguo. Na anayeuma ni jike tu. Mwiba wa nyigu asili yake ni kiungo cha kutagia mayai, kwa hiyo dume hana mwiba.

Utawatambuaje? Chagua tundu moja, ulitazame kwa muda ukiwa mbali. Akiingia na kutoka mdudu mmoja tu, huyo ni nyigu wa pekee. Ukiona wadudu wengi wanaingia na kutoka katika tundu hilo hilo moja, ondoka na uwaite watoto waondoke. Huenda ni nyuki.

ANAPENDA KUKAA WAPI?

Nyigu mchimbaji anataka mambo matatu.

Kwanza, anataka udongo mwepesi, unaochimbika lakini usioporomoka. Mchanga wenye udongo kidogo humfaa sana.

Pili, anataka jua. Joto la jua huwapa joto mayai na watoto walio chini. Kwa hiyo huchagua mahali palipo wazi: kando ya njia, uwanja wa skuli, ukingo wa shimo la mchanga, au mchanga mkavu wa pwani ambao maji hayaufikii bahari inapojaa.

Tatu, anataka mahali pasipotuama maji. Maji yakituama, watoto wake huoza.

Huko chini huchimba njia nyembamba. Mwisho wa njia hufanya chumba kimoja au vyumba kadhaa. Kila chumba ni cha mtoto mmoja na chakula chake.

ANAWINDA NINI?

Nyigu mkubwa hunywa maji matamu ya maua. Nyama ni chakula cha watoto wake. Na kila aina ya nyigu ina windo lake. Tazama mifano hii:

Wako wanaowinda viwavi. Hao wana kiuno kirefu kama uzi. Unajua jinsi viwavi wanavyoharibu mahindi na mboga. Baadhi ya nyigu hawa wana akili ya ajabu. Wakishafukia tundu, hushika kijiwe kwa mdomo na kushindilia udongo, kama fundi anavyoshindilia sakafu.

Wako wanaowinda panzi na nyenje. Nyigu hubeba au huburuta mzigo mkubwa kuliko yeye mwenyewe.

Wako wanaowinda buibui. Hao kila mtoto humwekea buibui mmoja.

Wako wanaowinda nzi. Hawa hupenda mchanga wa pwani. Mama hafungi mlango mara moja akaondoka. Huleta nzi siku baada ya siku, mpaka mtoto akue.

Wako pia wanaowinda nyuki wa asali. Mfuga nyuki hawezi kufurahi akimwona huyo. Hatusemi kwamba kila nyigu ni msaada kwa kila mtu. Tunasema kuwa wengi wao huwala wadudu ambao tungelazimika kupambana nao sisi wenyewe.

NYAMA ISIYOOZA

Sasa jiulize. Chini ya ardhi pana joto. Nyigu anawekaje nyama isiharibike?

Dawa yake imo katika mwiba. Akimshika kiwavi au panzi, humchoma mwiba mahali maalumu. Sumu ile haimwui kwa kawaida, bali humpoozesha. Windo haliwezi kutembea wala kupigana, lakini bado li hai. Kwa kuwa li hai, halioozi.

Nyigu huliingiza windo chumbani na kutaga yai moja juu yake. Kisha hufunga mlango kwa udongo na kuusawazisha, hata usione kitu. Yai huanguliwa. Hutoka buu mdogo, naye hula nyama ile mpaka iishe. Halafu hujifunga ndani ya kifuko cha nyuzi. Humo hubadilika, na siku moja hutoka juu ya ardhi akiwa nyigu kamili.

Kwa hiyo kila tundu unalolimwagia mafuta ya taa ni ghala la viwavi au panzi waliokwisha kamatwa. Umemsaidia nani?

ANAIKUMBUKAJE NYUMBA YAKE?

Nyigu huruka mbali kutafuta windo. Tundu lake ni dogo. Mbona hapotei?

Mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Niko Tinbergen, alijiuliza swali hilo zaidi ya miaka 90 iliyopita. Aliwachunguza nyigu wanaowinda nyuki. Nyigu akiwa ndani ya tundu, aliuzungushia mlango duara la matunda makavu ya msonobari. Nyigu akatoka, akaruka huku na huku juu ya mahali pale, kisha akaenda zake. Alipokwisha kwenda, Tinbergen alilihamisha lile duara kando kidogo. Nyigu aliporudi na mzigo wake, alitua katikati ya duara, si penye tundu lake!

Hivyo ilijulikana kuwa nyigu hukariri alama zilizo karibu na mlango. Mwaka 1973 Tinbergen na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi zao za kuchunguza tabia za wanyama.

Wewe pia unaweza kujaribu. Tumia vifuu vya nazi badala ya msonobari. Vipange kuzunguka tundu, uvisogeze nyigu akiwa ameondoka, kisha ungoje. Ukimaliza, virudishe mahali pake, mama wa watu asihangaike. Walimu wa skuli, hilo ni somo zuri la sayansi lisilohitaji fedha.

NYIGU NA MNAZI

Ndugu mkulima, sasa tufike kwenye minazi.

Unamjua chonga. Ni mbawakawa mkubwa, mweusi, mwenye pembe kichwani kama kifaru. Usiku huruka mpaka kwenye kilele cha mnazi na kutoboa makuti machanga kabla hayajafunguka. Makuti hayo yakifunguka utayaona yamekatwa pembe tatu, kama yaliyokatwa kwa mkasi. Mnazi mkubwa hudhoofika. Mnazi mchanga ukitobolewa moyo hufa. Umeupanda, umeutunza, umeungoja kwa miaka, nao unakufa kabla hujala hata dafu moja.

Lakini chonga hazaliwi kileleni. Hutaga mayai yake katika vitu vinavyooza: gogo la mnazi lililoanguka, kisiki, lundo la samadi, au unga wa mbao. Humo ndimo wanamokua mabuu wake. Ni wakubwa, weupe, wanene, wamejikunja kama jembe la mundu. Buu hali mnazi ulio hai. Hukaa ndani ya uozo kwa miezi kadhaa, akila na kunenepa, mpaka awe chonga.

Humo humo ndimo anamofuatwa na nyigu. Yuko nyigu mkubwa, mwenye mwili mweusi na vipapasio vyekundu. Jina lake la kitaalamu ni Scolia ruficornis. Huyu hachimbi tundu njiani kama wenzake tuliowataja. Yeye huchimba ndani ya uozo wenyewe, akimtafuta buu wa chonga gizani. Akimpata humchoma mwiba chini ya mwili. Buu hupooza. Nyigu hutengeneza kijichumba pale pale, hutaga yai moja kwenye tumbo la buu, kisha huenda kutafuta mwingine.

Mtoto wa nyigu humla buu yule polepole. Sehemu zinazomweka hai huziacha ziwe za mwisho, ili nyama isioze mapema. Mwisho hubaki ngozi tupu, na kando yake kifuko cha kahawia. Chonga mmoja amepungua, nawe hukunyanyua mkono.

NYIGU WA UNGUJA WALIVUKA BAHARI

Huenda ukasema, "Hizo ni hadithi za bwana shamba." Basi sikiliza.

Mwaka 1909 mbawakawa wa minazi, ndugu yake chonga wetu, aliingia katika visiwa vya Samoa, mbali sana katika Bahari ya Pasifiki. Alifika pamoja na miche ya mpira kutoka Ceylon, nchi ambayo leo inaitwa Sri Lanka. Huko hakuwa na adui. Aliharibu minazi mingi mno.

Wataalamu walianza kuwatafuta adui zake duniani. Katika miaka ya 1940 walifika Zanzibar. Hapa waliwakuta nyigu hawa wakiwala mabuu wa chonga tangu zamani. Wakawachukua nyigu wa Zanzibar, wakawapeleka Samoa, na pia katika visiwa vya Palau. Nyigu wakakaa huko na kuzaa.

Na hawakuwa wa kwanza kusafirishwa. Mwaka 1917 kisiwa cha Morisi kilileta nyigu wa ukoo huo huo kutoka Madagaska, ili wapunguze mbawakawa waliokuwa wakiharibu miwa.

Basi fikiri. Watu wa mbali walitumia fedha na meli kumtafuta mdudu huyu. Sisi tunaye bure, nasi tunamfuata na mafuta ya taa!

Lakini tuseme ukweli wote. Huko Samoa nyigu peke yao hawakuweza kuwamaliza mbawakawa. Mwaka 1963 mtaalamu aligundua katika Malaysia ugonjwa unaowaua mbawakawa hao, na mwaka 1967 ugonjwa huo ulipelekwa Samoa. Hapo ndipo minazi ilipopata nafuu kubwa. Fundisho ni kwamba mlinzi mmoja hatoshi. Nyigu anasaidia, lakini jembe na shoka lako pia vinahitajika.

TUFANYE NINI?

1. Usiache gogo la mnazi lilale shambani. Likate, lipasue, likauke, kisha litumie kwa kuni au lichome. Visiki pia vishughulikiwe.

2. Lundo la samadi lipindue mara kwa mara. Ukiwaona mabuu wakubwa weupe, waokote uwape kuku.

3. Ukikuta kifuko cha nyuzi cha rangi ya kahawia, na kando yake ngozi kavu ya buu, usikichome. Huyo ni mtoto wa nyigu. Kifukie katika samadi, mahali pa kivuli.

4. Chonga akiwa tayari ameingia kileleni, mtoe kwa waya mgumu wenye ncha iliyopindwa.

5. Usimwage mafuta ya taa wala dawa ya wadudu katika matundu ya ardhini. Kumbuka ardhi yetu ya Unguja. Chini yake pana mawe ya matumbawe yenye matundu mengi. Kinachomwagwa juu hupenya upesi mpaka kwenye maji. Pale Mangapwani liko pango lenye maji matamu ambayo watu wameyatumia miaka mingi. Maji hayo hutokana na mvua inayopenya ardhini. Sumu ikimwagwa itafuata njia hiyo hiyo.

6. Pembeni mwa konde acha majani kidogo yenye maua. Nyigu atapata kinywaji chake hapo, naye hatakwenda mbali.

7. Matundu yakiwa mahali watoto wanapocheza pekupeku, huna haja ya kuua. Mwagilia maji mahali hapo mara kwa mara, au funika udongo kwa makumbi. Nyigu atahamia penye ukavu.

Mtu ataniuliza, "Tukiondoa magogo yote, nyigu wa chonga atakula nini?" Swali hilo ni zuri. Lakini hatuwezi kuondoa uozo wote. Daima litabaki gogo lililofichwa na majani, au kisiki kisichoonekana. Usipokiona wewe, nyigu atakiona. Wewe safisha panapoonekana, naye atafanya kazi pasipoonekana.

NYIGU AKIKUUMA

Osha kwa maji na sabuni. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi. Maumivu kwa kawaida hupungua yenyewe. Lakini mtu akivimba uso au ulimi, akishindwa kupumua vizuri, akitapika au akizimia, mpelekeni hospitali upesi, msingoje. Watu wachache miili yao haistahimili sumu ya nyigu au nyuki, na hao wanaweza kufa.

Ndugu msomaji, kesho ukipita njiani na kuona kijilima kipya cha mchanga, vuka pembeni. Mwite mtoto wako, mkae mbali, mtazame pamoja kilichoingizwa ndani. Kama ni kiwavi, jua kwamba hicho hakitakula mahindi yako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kuna tofauti gani kati ya nyigu wa kundi na nyigu wa pekee?

2. Kwa nini windo la nyigu halioozi ndani ya tundu?

3. Chonga hutaga mayai yake wapi? Taja mahali pawili katika kijiji chako.

4. Kwa nini ni hatari kumwaga dawa ya wadudu katika ardhi ya matumbawe?

5. Hesabuni magogo ya minazi yaliyolala katika kijiji chenu. Nani atayaondoa, na lini?

MANENO YA KUKUMBUKA

Buu: mtoto wa mdudu, asiye na mabawa bado.

Kupooza: kushindwa kujongea ingawa ni mzima.

Vipapasio: vipembe laini viwili vilivyo kichwani mwa mdudu, ambavyo hunusia na kugusia.

Windo: mnyama au mdudu anayekamatwa ili aliwe.